Likasi: Hesabu ya wizi ikishuka, je, watu wa Buluo wanalala usingizi?

Katika Kongo nzima, jina la Buluo linajulikana kwanza juu ya gereza. Hapo, upande wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, utawala mmoja nyuma ya mwingine ulipeleka wafungwa ambao haukutaka kuwaona karibu. Mtu wa Kinshasa akisikia kwamba ndugu yake amepelekwa Buluo, anaelewa mara moja: ni mbali, na kurudi si kesho.

Lakini Buluo si kuta za gereza tu. Kuna watu wanaoishi hapo. Watoto wanaenda masomo asubuhi, wamama wanatoka na mabeseni kichwani, vijana wanaendesha pikipiki, wazee wanakumbuka miaka ambapo mshahara wa Gécamines ulilisha nyumba nzima. Kwa watu hao, usalama si urefu wa ukuta. Usalama ni jambo dogo zaidi na kubwa zaidi: je, mtoto wa kike aliyetumwa kununua chumvi saa moja ya jioni atarudi vizuri?

Swali hilo ndilo tunalolibeba katika makala hii. Kwa sababu kuna jibu lingine ambalo wakubwa wanapenda kutoa, na jibu hilo ni hesabu.

Msomaji anaijua picha. Mbele ya ofisi ya mji au ya polisi, vijana wamekaa chini katika jua, mikono imefungwa. Mbele yao kuna mapanga, telefone, televizyo mbili, labda bunduki moja. Wapigapicha wanasogea. Mkubwa mmoja anasema kwamba operesheni imefaulu, kwamba visa vya wizi vimepungua, kwamba wakaaji wanaweza kulala bila wasiwasi. Picha ya namna hiyo tumeiona Lubumbashi, Kinshasa, Goma, Bukavu, Bunia. Kila mji una yake.

Hatusemi kwamba mkubwa huyo ni mwongo. Pengine ni kweli, mashitaka yaliyofika kwake mwezi huu ni machache kuliko ya mwezi uliopita. Tunauliza jambo moja tu: mashitaka yakipungua, ni wizi uliopungua, au ni watu waliochoka kushitaki?

Mlango wa kwanza: aliyeibiwa

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza unga na mafuta kwa soko. Si mtu fulani tunayemjua, lakini kila msomaji wa Likasi anaweza kumpa jina. Jioni moja, akirudi nyumbani, vijana watatu wanamsimamisha. Wanachukua telefone, na ndani ya telefone kuna makuta yake ya M-Pesa. Wanachukua pia mfuko wa mauzo ya siku. Hawamuui. Wanamsukuma chini na wanakimbia.

Tukio hilo limekwisha kutokea. Lakini kwa hesabu ya serikali, bado halijatokea. Ili lionekane ndani ya kitabu, mama lazima apite milango kadhaa, na kila mlango una bei.

Kwanza lazima afike kwa polisi. Usiku huo hawezi, anaogopa njia ile ile. Kesho yake atalipa pikipiki, na siku hiyo hatauza. Kwa sheria, kupeleka mashitaka kwa polisi ni bure. Lakini ni mkaaji gani wa Kongo hajasikia maneno haya: karatasi zimekwisha, leta makuta ya karatasi? Nyuma yake kuna makuta ya kalamu, kisha usafiri wa polisi wa kwenda kutafuta mtuhumiwa. Mama anapiga hesabu yake mwenyewe, na yeye ni mfanyabiashara, anajua hesabu. Telefone iliyoibwa ilikuwa ya zamani. Akilipa yote hayo, atakuwa ameibiwa mara mbili.

Kisha kuna woga. Mama anawajua vijana wale, au anamjua mmoja wao, mtoto wa avenyi ya pili. Akimtaja, kijana atakamatwa. Kifungu cha 18 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba mtu hawezi kuwekwa kasho ya polisi zaidi ya saa 48; nyuma ya hapo anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Ni kifungu kizuri, kinatulinda sisi wote. Lakini kama mafaili hayasogei, mama anachokiona ni kijana yule yule kwenye kona ile ile, siku tatu baadaye, akimwangalia. Watu wanasema ametoa makuta. Pengine ni kweli, pengine ni sheria tu. Kwa mama, matokeo ni sawa: mara ya pili hatashitaki.

Kuna matendo mengine ambayo yanafika kwa polisi kwa shida zaidi. Ubakaji ndio wa kwanza. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziliongeza adhabu na zilitaka kesi zisogee haraka. Hata hivyo, familia nyingi bado zinakaa pamoja na kukubaliana: mbuzi, makuta, au msichana kuolewa na yule aliyemharibu. Kila makubaliano ya namna hiyo yanaondoa tendo moja ndani ya hesabu ya mji. Kwenye karatasi, mji umekuwa salama kidogo zaidi. Kwa msichana, kinyume chake.

Na kuna swali ambalo watu wanauliza kwa sauti ya chini: kama aliyekunyang'anya alikuwa amevaa uniforme, utamshitaki kwa nani? Sheria ina jibu. Kwa kifungu cha 156 cha Katiba, askari na polisi wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa hiyo mashitaka yanapelekwa kwa oditora ya kijeshi. Lakini ni wakaaji wangapi wanaojua njia hiyo? Na kati ya wale wanaoijua, ni wangapi wana moyo wa kuifuata?

Mlango wa pili: anayeandika

Tuseme mama wetu amepata moyo. Amefika, amelipa, amekaa kwenye benchi. Sasa tukio lake liko mikononi mwa mtu anayeandika.

Mtu huyo anaweza kuandika wizi wa mabavu uliofanywa na kundi. Anaweza pia kuandika kwamba telefone imepotea. Maneno hayo mawili yanatokana na simulizi moja, lakini moja linaongeza hesabu ya majambazi na lingine haliongezi kitu. Anaweza pia kutoandika kabisa: anamwambia mama arudi kesho, na kesho yake anamwambia tena kesho.

Si lazima awe mtu mbaya. Pengine kitabu kimejaa. Pengine amechoka, mshahara haujafika, na anajua kwamba hakuna pikipiki wala mafuta ya kwenda kumtafuta mwizi. Pengine mkubwa wake amemwambia kwamba takwimu za mwezi huu hazipaswi kupanda.

Hapo tunafika kwenye mlango wa tatu, ule wa mkubwa. Anayepimwa kwa hesabu ndiye anayeiandika. Mwanafunzi akipewa ruhusa ya kusahihisha mtihani wake mwenyewe, nani atashangaa akipata alama nzuri?

Si ugonjwa wa Kongo peke yake

Msomaji asifikiri kwamba haya ni mambo ya inchi maskini tu. Miji yenye kompyuta na mishahara mizuri imeanguka ndani ya shimo hilo hilo.

Mjini New York, Marekani, polisi walianza mwaka 1994 mtindo unaoitwa CompStat: kila mkubwa wa komisaria anasimama mbele ya wakubwa wake na kueleza hesabu za eneo lake. Uhalifu ulishuka sana katika miaka iliyofuata, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilikuwa ya kweli. Hata watu waliouawa walipungua, na maiti haifichiki kirahisi. Lakini polisi mmoja wa Brooklyn, Adrian Schoolcraft, alirekodi kwa siri maneno ya wakubwa wake katika miaka ya 2008 na 2009. Ndani ya sauti hizo, polisi walisukumwa wasipokee mashitaka fulani au wayapunguze uzito. Tarehe 31 Oktoba 2009, polisi wenzake walimtoa nyumbani na akawekwa siku sita hospitalini, katika wadi ya wagonjwa wa akili. Baadaye uchunguzi wa polisi wenyewe ulikuta kwamba mashitaka yalikuwa kweli yamechezewa katika komisaria yake.

Uingereza nayo ilijikagua. Mnamo Novemba 2014, wakaguzi wa polisi walitoa ripoti: kati ya matendo 100 ya uhalifu yaliyoripotiwa kwa polisi wa Uingereza na Wales, 19 hayakuandikwa. Hiyo ni zaidi ya matendo 800,000 kwa mwaka. Kwa matendo ya kingono, ilikuwa 26 kati ya 100. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, mamlaka ya takwimu ya inchi hiyo ilikuwa imekwisha kuziondolea hesabu za polisi alama ya kuaminika.

Ikiwa Uingereza, yenye karatasi za kutosha na taa barabarani, ilipoteza karibu tendo moja kati ya matano, tufikiri nini juu ya komisaria ambayo haina mashine ya kuandikia?

Karibu nasi zaidi, Kenya inachapisha kila mwaka idadi ya uhalifu ulioripotiwa kwa polisi. Mwaka 2019 ulikuwa 93,411. Mwaka 2020 ulishuka hadi 69,645. Mtu anayesoma namba tu angesema kwamba 2020 ulikuwa mwaka wa amani. Lakini sisi sote tunakumbuka 2020: ulikuwa mwaka wa corona. Amri ya kutotoka usiku ilianza Kenya tarehe 27 Machi. Baa zilifungwa, barabara zilikuwa tupu, na kwenda kwa polisi kulikuwa taabu. Wakati huo huo, simu za wanawake waliopigwa nyumbani ziliongezeka kwenye namba ya msaada. Na siku chache tu nyuma ya kuanza kwa amri, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye baraza ya ghorofa yao, Nairobi.

Kisha hesabu ilipanda tena: 81,272 mwaka 2021, 88,083 mwaka 2022, na 104,842 mwaka 2023. Kwa hiyo kushuka kwa 2020 hakukuwa ushindi wa mtu yeyote. Mlango ulifungwa, na waliokuwa wanapigwa nyuma ya mlango hawakuhesabiwa.

Kugawa kwa watu wangapi?

Tuongeze tatizo lingine ambalo ni letu sisi Wakongo. Ili kulinganisha mji na mji, au mwaka na mwaka, lazima ujue idadi ya watu. Visa 50 katika mji wa watu elfu 100 si sawa na visa 50 katika mji wa watu laki tano. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa inchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Msomaji wa miaka 40 hajawahi kuhesabiwa hata mara moja katika maisha yake.

Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Watu wake wanaingia na kutoka kufuatana na bei ya shaba na kobalti. Mgodi ukifunguliwa upande wa Kambove au Kolwezi, vijana wanaondoka kwa mamia. Bei ikianguka, wanarudi mikono mitupu. Wezi wakipungua mwezi mmoja, pengine ni polisi waliofanya kazi nzuri. Pengine pia ni vijana waliopata shimo la kuchimba. Karatasi ya polisi haiwezi kutofautisha hayo mawili.

Na wazee wa Likasi wanajua jambo ambalo halimo katika kitabu cha komisaria yoyote. Mwaka 1992, woga mkubwa wa mji huu haukutoka kwa mwizi wa telefone. Wakaaji wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapo hapo, walifukuzwa ndani ya nyumba zao. Maelfu walilala kwenye stesheni ya treni na watoto wao na magodoro, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka inchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Nani alifungua faili la kila nyumba iliyoporwa? Siku ambapo jirani anamgeukia jirani, hesabu ya wizi inaweza kuwa sufuri na mji ukawa umekufa.

Usalama wa kuua na usalama wa kufunga

Kuna njia moja ya kushusha hesabu haraka, na Kongo imekwisha kuijaribu. Novemba 2013, polisi walianzisha mjini Kinshasa operesheni Likofi dhidi ya vijana wanaoitwa Kuluna. Wakaaji wengi walifurahi mwanzoni, na tunawaelewa. Aliyewahi kukatwa panga hana hamu ya hotuba. Lakini shirika la Human Rights Watch lilihesabu, katika ripoti yake ya Novemba 2014, vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliopotea. Wengine walitolewa nyumbani usiku, mbele ya mama zao, bila jaji na bila faili.

Je, Kuluna walikwisha? Desemba 2024, zaidi ya miaka kumi baadaye, serikali ilianzisha operesheni nyingine dhidi ya Kuluna hao hao. Waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, alitangaza kwamba zaidi ya mia moja ya waliohukumiwa kifo wamepelekwa gereza la Angenga, kaskazini mwa inchi. Serikali ilikuwa imekwisha kuondoa, mnamo Machi 2024, kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo. Kama dawa ya 2013 ingeponyesha, kwa nini mgonjwa alirudi hospitali?

Tena, mauaji ya operesheni kama hiyo hayaingii katika hesabu ya uhalifu. Kijana aliyeuawa na polisi anaonekana kwenye karatasi kama mafanikio. Mama yake anaonekana popote? Hapana.

Njia ya pili ni kufunga. Hapo Buluo ina la kusema, kwa sababu inalala karibu na kuta hizo. Watu wanafikiri kwamba mwizi akiingia gerezani, hadithi imekwisha. Watu wa Haut-Katanga wanajua kwamba si hivyo. Tarehe 7 Septemba 2011, watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, mchana kweupe, na karibu wafungwa elfu moja walitoroka, pamoja na mkubwa wa waasi Gédéon Kyungu Mutanga. Siku moja kabla, kwenye karatasi, wote hao walikuwa matatizo yaliyomalizika.

Septemba 2020, katika Kasapa hiyo hiyo, wafungwa walifanya vurugu. Kwa siku tatu, makumi ya wanawake waliofungwa hapo walibakwa, bila ulinzi. Walikuwa ndani ya kuta za serikali, chini ya ufunguo wa serikali. Ni mji gani uliongeza matendo hayo ndani ya hesabu yake ya usalama ya mwaka ule? Tunapowapeleka vijana gerezani kwa mamia bila kesi, hatuondoi uhalifu. Tunauhamisha mahali ambapo hatutauona, na siku ukuta ukipasuka, jirani wa kwanza ni mtu wa Buluo.

Basi hesabu zitupwe?

Hapana. Mji bila hesabu ni kama duka bila kitabu: mwenyewe hajui kama anapata au anapoteza. Na tusiwe watu wa kukataa kila habari njema. Kuna polisi wanaofanya kazi usiku kwa viatu vilivyopasuka, na wakifaulu, wasifiwe. Tunachoomba ni kwamba hesabu ya polisi isisimame peke yake. Iwekwe pamoja na mashahidi wengine.

Shahidi wa kwanza ni maiti. Waliouawa ni vigumu kuwaficha: kuna hospitali, kuna morgi, kuna mazishi. Polisi wakisema wizi wa silaha umeshuka nusu, lakini hospitali inapokea majeraha ya risasi na mapanga kama zamani, mmoja kati yao amekosea.

Shahidi wa pili ni nyumba. Uingereza, tangu mwaka 1982, watu wanapita nyumba kwa nyumba na kuuliza: mwaka uliopita, wewe au mtu wa nyumba yako aliibiwa au alipigwa? Na kama ndiyo, ulishitaki? Swali hilo la pili ndilo la thamani. Kufanya hivyo Buluo hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji daftari, wanafunzi wachache waaminifu, na wakubwa wa avenyi ambao hawataandika majina. Miji ya mashariki inajua tayari nyumba kumi. Sheria zetu zinajua pia baraza la usalama wa karibu, CLSP, ambamo mkubwa wa komini, polisi na wakaaji wanapaswa kukaa meza moja. Bukavu ilikuwa kati ya miji ya kwanza kujaribu kazi hiyo ya polisi wa karibu. Meza hiyo isiwe ya kusikiliza hotuba tu. Iwe ya kulinganisha daftari na daftari.

Shahidi wa tatu ni mwenendo wa watu, na huyu hasemi uwongo kwa sababu hajui kwamba anaulizwa. Soko linafungwa saa ngapi? Bei ya pikipiki nyuma ya saa mbili usiku inapanda mara ngapi, na kuna avenyi ambazo dereva anakataa kuingia kwa bei yoyote? Nyumba ngapi zimeongeza vyuma kwenye madirisha mwaka huu? Mjini Bukavu na Goma, watu wanajua sauti ya masufuria na filimbi usiku, pale kartie inapoamshana kwa sababu majambazi wameingia. Mahali ambapo sauti hiyo inapigwa kila wiki, na hesabu ya polisi inashuka, msomaji anajua la kuamini.

Kuna pia shahidi wa giza. Stesheni ya umeme ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, haiko mbali sana na Likasi. Waya kubwa zinapita juu ya vichwa vya watu zikipeleka nguvu kwa viwanda na migodi, na chini yake kuna avenyi ambazo hazijaona taa kwa muda mrefu. Mwizi wa Kongo hana haja ya bunduki kila siku. Mara nyingi giza linamtosha. Ofisi ya mji ikitaka kuonyesha kazi ya usalama, kuhesabu taa zinazowaka ni rahisi kuliko kuhesabu wezi, na taa haziwezi kudanganya.

Maswali ya kuuliza

Kwa hiyo, siku ambapo vijana watakalishwa tena chini katika jua na mkubwa atasema visa vimepungua, waandishi na wakaaji wasipige makofi haraka. Waulize kwanza.

Mashitaka mangapi yalipokelewa mwezi huu, na mangapi yaliandikwa? Kati ya hayo, mafaili mangapi yalifika parke, na mangapi yalifika mbele ya jaji? Wale walioonyeshwa mwezi uliopita wako wapi leo: wamehukumiwa, wako kasho, wameachiliwa, au hakuna anayejua? Ni mashitaka mangapi yaliyohusu watu wenye uniforme? Na bei ya karatasi ni kiasi gani?

Swali hilo la mwisho linaonekana dogo. Lakini fikiri: siku ambapo komisaria itabandika kwenye ukuta kwamba kushitaki ni bure, na ikawa bure kweli, hesabu ya wizi itapanda. Wamama wote waliokaa kimya watakuja. Magazeti yataandika kwamba uhalifu umeongezeka. Wapinzani watalia. Mkubwa wa polisi ataogopa kupoteza kiti chake. Hata hivyo, mwezi huo wa hesabu mbaya utakuwa mwezi mzuri kwa mji, kwa sababu watu watakuwa wameanza tena kuamini kwamba kushitaki kunasaidia. Mkubwa atakayevumilia mwezi huo bila kufunga mlango anastahili heshima kuliko yule anayetuletea namba ndogo.

Mama wetu wa mfano, yule wa unga na mafuta, hakushitaki. Amenunua telefone nyingine, ya bei ya chini. Sasa anafunga biashara saa kumi na moja, mbele ya jua kushuka, na kila siku anapoteza saa ambazo wateja wa mgodi ndipo wanarudi na makuta. Hakuna aliyemuibia saa hizo, kwa hiyo hazimo ndani ya kitabu chochote. Lakini ukitaka kujua kama Buluo ni salama, usisome ubao wa komisaria. Mwulize anafunga saa ngapi.